Kishale Kinachosita

June Allen ana miaka 18 na anaishi Los Angeles, Marekani. Mama yake, Grace, amekwenda mapumziko Cartagena, nchini Colombia, pamoja na mpenzi wake mpya aitwaye Kevin. Siku ya kurudi, June anakwenda kuwapokea uwanja wa ndege. Abiria wanatoka, wanalakiwa na watu wao, wanaondoka, mama hatokei. Simu haipokelewi. Anapiga hotelini, anaambiwa wageni hao wameondoka, lakini mizigo yao wameiacha. Kuanzia hapo binti huyu amebaki na kompyuta mpakato, simu na intaneti. Kati yake na mama yake kuna nchi kadhaa, lugha asiyoimudu, na saa zinazokwenda bila kumngoja mtu.

Hiyo ndiyo Missing, filamu ya taharuki iliyoingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani Januari 2023. Imeandikwa na kuongozwa na Will Merrick na Nick Johnson, na June anaigizwa na Storm Reid. Kila tunachokiona kimo ndani ya skrini fulani: ya kompyuta, ya simu, ya kamera ya usalama. Iligharimu takriban dola milioni 7 za Marekani, fedha ambazo kwa Hollywood ni kidogo. Iliyoitangulia katika mtindo huohuo, Searching ya mwaka 2018, ilitengenezwa kwa pungufu ya dola milioni 1, ikaingiza takriban dola milioni 75 duniani kote. Katika ile, baba anamtafuta binti yake palepale California. Katika hii, binti anamtafuta mama aliyepotelea ughaibuni.

Nimezitazama zote mbili kwa kurudia, na hata baada ya kulijua fumbo na jibu lake, bado nakaa mpaka mwisho. Kinachonishika ni kazi ya uhariri. Taharuki ya filamu hizi inakaa kwenye mkono wa anayetafuta: mkono unavyokwenda, unavyosita na unavyorudi nyuma. Mkono wenyewe mara nyingi hatuuoni. Tunaona kishale tu.

Kishale cha kompyuta tunakisogeza kutwa nzima bila kukifikiria. Merrick na Johnson, waliokuwa wahariri wa Searching kabla ya kuwa waongozaji, walikifikiria sana. Walitambua kwamba mtu hawezi kuficha nafsi yake anapotumia kompyuta akidhani yuko peke yake. Kishale kikienda moja kwa moja kwenye kitufe, tunamwona mtu mwenye uhakika. Kikifika juu ya kitufe, kikasimama, kikaondoka, kikarudi tena, tunamwona mtu anayebishana na moyo wake. Hajasema neno na sura yake hatujaiona, lakini tunajua anawaza nini.

Katika Searching, David Kim, anayeigizwa na John Cho, ni baba aliyefiwa na mkewe na sasa anaishi na binti yake, Margot, anayesoma sekondari. Mapema kabisa katika filamu anamwandikia Margot meseji ya kumwambia kwamba anajivunia yeye. Kisha anaongeza kwamba mama yake naye angejivunia. Maneno yamekaa pale, alama ya kuandikia inawakawaka mwisho wa sentensi, na meseji haiendi. Halafu herufi zinaanza kufutika. Maneno ya mama yanaondoka yote na meseji inatumwa bila yeye. Margot hatajua kamwe kwamba yaliandikwa. Sisi tumeyasoma, na kwa sekunde hizo chache tumeshaelewa kwamba nyumba hii ina msiba usiozungumzwa, kwamba baba anaujua ukimya huo, na kwamba ameamua kuuacha ulivyo. Margot atakapotoweka baadaye, nusu ya fumbo itakuwa imelala ndani ya maneno yale yaliyofutwa.

Kabla ya hapo, dakika za mwanzo zimetusimulia miaka mingi ya familia hiyo kwa video za nyumbani, barua pepe, mafaili na kalenda. Mama, Pam, anaugua saratani. Margot ameweka kwenye kalenda siku ambayo mama atarudi nyumbani kutoka hospitali, na ameiandika kwa furaha ya mtoto. Siku hiyo inasogezwa mbele. Kisha kishale kinarudi tena kwenye tukio lilelile, na safari hii kinalifuta. Hapo daktari hakuonyeshwa, kitanda cha hospitali hakikuonyeshwa, hakuna aliyelia mbele ya kamera. Mwenye kumbukumbu ya kuuguza mtu wake anajua kwamba ndivyo inavyokuwa: miadi inasogezwa, inasogezwa tena, mpaka inafika siku haina pa kusogezwa.

Uzuri wa sehemu hizo mbili za hadithi uko kwenye vipimo. Mhariri ndiye aliyeamua kishale kisite kwa muda gani. Kikisita kidogo mno, mtazamaji hagundui kitu. Kikisita mno, mtazamaji anahisi anashikwa mkono na kulazimishwa kulia. Katikati kuna kipimo sahihi, na kipimo hicho hakuna kitabu kinachokitaja. Kinapatikana kwa kuweka, kutazama, kutoa na kuweka upya.

Kwa hiyo inafaa kueleza jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, maana hapo ndipo heshima yangu kwao ilipo. Aneesh Chaganty, aliyeongoza Searching na kuiandika pamoja na Sev Ohanian, alipiga picha kwa siku 13 tu. Lakini wiki 7 kabla ya siku ya kwanza, wahariri walikuwa wameshaketi kazini. Walikusanya picha za skrini na vitu kutoka mtandaoni, wakamrekodi Chaganty akiigiza nafasi zote yeye mwenyewe, kisha wakaviunganisha vyote vikawa rasimu ya filamu nzima, ya takriban saa moja na dakika arobaini. Kamera haijawashwa, na filamu tayari inaweza kutazamwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hapo walifanya kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa cha ghali kisichotosha makosa: alipima mpaka akaridhika ndipo akashika mkasi. Katika filamu ya kawaida, mwigizaji anamtazama mwenzake. Hapa Cho anatazama kitu ambacho hakipo bado. Lazima ajue dirisha la simu ya video litakuwa kona ipi, meseji itaingia upande gani, kishale kitapita wapi. Akitazama kushoto na dirisha likaja kuwekwa kulia, uongo unaonekana papo hapo, na kwa bajeti ile hakuna namna ya kuwaita watu warudi kupiga upya. Rasimu ya wahariri ndiyo iliyomwambia macho yake yaende wapi. Ndiyo maana tunapomwona akisoma, tunaamini anasoma.

Baada ya siku zile 13, uhariri ulichukua karibu miaka miwili. Sehemu kubwa ya skrini tunazoziona ilichorwa upya: madirisha, vitufe, maandishi, mandhari ya nyuma. Sababu yake ni ya kiufundi, na matokeo yake ni ya kisanaa. Ukirekodi skrini ya kompyuta na kuikuza kwenye ukuta wa ukumbi wa sinema, herufi zinavunjika na kuwa ukungu. Ukiichora upya, unaweza kulisogelea neno moja mpaka lijaze ukuta mzima na bado likae safi. Wahariri hao wakapata kile ambacho mpiga picha hukipata kwa lenzi: picha ya mbali, picha ya karibu, mwendo wa polepole kuelekea kwenye jambo. Skrini nzima inatuonyesha mtu na vurugu za maisha yake. Skrini ikisogezwa mpaka kwenye jina moja katika orodha ya marafiki, tunajua jina hilo lina uzito hata kama mwenye kompyuta hajalijua bado.

Na kwa kuwa kila andiko lilipaswa kuundwa, waliyaunda hata yale ambayo watazamaji wengi hawatayasoma. Ndani ya Searching, kwenye vichwa vya habari vya pembeni, kuna kisa kizima cha viumbe kutoka anga za mbali kinachoendelea kimyakimya, kisichohusiana kabisa na Margot. Ukikifuatilia utaona kina mwanzo na kina mwendelezo. Mtu anayefanya kazi kwa kukimbiza tarehe ya kuwasilisha angejaza nafasi hizo kwa maneno yoyote. Hawa walizijaza kwa uangalifu uleule walioutumia kwenye maneno makubwa, na uangalifu huo unaenea kwenye filamu yote, hata kwa asiyejua unatoka wapi.

Merrick na Johnson walipokabidhiwa uongozaji wa Missing, walikuwa na hatari ya kujirudia. Walichofanya ni kubadilisha mtumiaji wa kompyuta, na filamu nzima ikabadilika naye. David ni mtu wa makamo; anafungua kitu kimoja, anakisoma, anakifunga. Kompyuta yake ina utaratibu wa mtu aliyezoea ofisi. June amekulia ndani ya mambo haya. Madirisha yamepandana, anaandika huku anasikiliza, anaruka kutoka programu moja hadi nyingine kabla jicho la mtu mzima halijatulia. Kwa David, taharuki inakuja kwa sababu hajui pa kubonyeza. Kwa June, inakuja kwa sababu anajua kila pa kubonyeza na bado mama hapatikani. Kasi yake ndiyo inayotuonyesha mipaka ya vifaa vyake.

Mipaka hiyo inaonekana wazi kwenye suala la kamera za hoteli. Picha zilizorekodiwa zinafutika baada ya saa 48. Wapelelezi wa FBI wanaweza kuziomba, ila kwa taratibu za nchi na nchi, na taratibu hazijui saa 48. June hana nauli wala muda wa kupanda ndege. Anafungua programu ya kukodi vibarua wa kazi ndogondogo mjini Cartagena na kumpata Javi, mtu mzima mwenye pikipiki, anayelipwa kwa saa. Anaigizwa na Joaquim de Almeida, mwigizaji wa Ureno. 

Filamu ya fedha nyingi ingempandisha June ndege na kumpa mji wa Cartagena na vichochoro vyake akimbie humo. Upungufu wa fedha umeizuia Missing kufanya hivyo, na kizuizi hicho kimeifikisha kwenye ukweli ambao filamu za fedha nyingi huupita. Wengi wanaompoteza ndugu ughaibuni hawapandi ndege. Wanamtafuta wakiwa wamekaa kitini. Familia ya Tanga, Mombasa au Unguja yenye binti Muscat au Riyadh inaijua hali hii vizuri sana. Meseji imetumwa na ina tiki moja. Asubuhi bado ni tiki moja. Mtu anafungua kuangalia mara ya mwisho alionekana lini, anafunga, anafungua tena kana kwamba saa ile itabadilika. Halafu anatafutwa mtu wa kulekule: rafiki wa rafiki, jirani wa zamani, dereva ambaye namba yake imepita kwenye simu za watu wanne, anayeweza kupita mtaa ule na kugonga mlango ule. Javi ni mtu huyo. Mgeni kabisa, lakini miguu yake ndiyo miguu pekee uliyo nayo kule.

Waongozaji wamemtendea haki. Anaingia kwenye hadithi kwa ujira, na kidogo kidogo anaanza kuongeza muda usiolipwa.  Anasimulia kidogo kuhusu maisha yake na mwanawe. Yote hayo yanatokea ndani ya kidirisha cha simu ya video kinachotetereka juu ya pikipiki, na bado ni mahusiano yenye joto kuliko mengine yote katika filamu.   Na wakati huo wote saa ya hoteli inakwenda, na mtazamaji anabana pumzi.

Upande mwingine wa utafutaji ni wa kuumiza zaidi. Ili kumpata mama, June inabidi aingie mahali ambapo mtoto hapaswi kuingia: akaunti, barua pepe, mazungumzo ya mapenzi kati ya Grace na Kevin. Anakisia nywila, anakosea, anajaribu nyingine. Kila mlango unaofunguka unampa dalili moja na kumwondolea uhakika mmoja. Anasoma maneno ya mama yake akiwa mwanamke tu, mwenye upweke na matumaini yake. Storm Reid anaigiza sehemu kubwa ya hayo akiwa amekaa, uso wake ukiwa kwenye dirisha dogo pembeni, macho yakishuka mstari kwa mstari. Wahariri hawamkatizi. Wanatuacha tusome kwa mwendo wake, na tunapofika mwisho wa mstari tunamtazama yeye kuona kama naye amefika.

Grace alipo sitapataja. Nitasema tu kwamba hadithi imejengwa juu ya dhana tuliyoingia nayo wenyewe: kwamba hatari iko mbali, kwenye mji wa kigeni wenye lugha ya kigeni, na kwamba nyumbani ni salama. Dhana hiyo haikuhitaji kutengenezwa kwa fedha yoyote, kwa kuwa mtazamaji huja nayo. Filamu inaiacha ifanye kazi kwa muda mrefu, kisha inaigeuza dhidi yetu. Ukirudia kuitazama, unakuta dalili zilikuwa wazi mbele ya macho, kwenye madirisha ambayo June mwenyewe aliyafunga haraka.

Theluthi ya mwisho haina utulivu wa zile za kwanza. Mageuzi yanafuatana kwa haraka, na kamera zinapatikana kwa urahisi mno kila zinapohitajika. Searching nayo ina tatizo hilo pale inapoegemea taarifa za habari za televisheni ili kutuonyesha mambo ambayo kompyuta ya David isingeyaona. Sheria ya kutotoka nje ya skrini inabana zaidi kadiri hadithi inavyokaribia kilele, kwa sababu kilele kinataka miili, milango na mbio. Hata hivyo, katika Missing sheria hiyo inashikiliwa mpaka mwisho, na ujuzi wa June wa vifaa vya nyumbani ndio unaopewa kazi ya kuokoa. Uamuzi huo ni wa haki. Ametafuta kwa vifaa hivyo tangu mwanzo, na kwa vifaa hivyohivyo hadithi inafungwa.

Mtindo huu haukuanza na hawa. Timur Bekmambetov, mmoja wa watayarishaji wa Searching, alikuwa ameshatayarisha Unfriended ya mwaka 2014, iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni 1 na kukaa kwenye skrini ya kompyuta ya msichana mmoja. Tangu hapo wamejitokeza wengi waliodhani siri ni skrini yenyewe: weka simu za video, weka meseji, filamu imekamilika kwa bei rahisi. Nyingi kati ya hizo zinachosha, kwa sababu kishale chake hakina mtu nyuma yake. Kinabonyeza ili hadithi iendelee.

Hapa nawafikiria vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaotengeneza filamu kwa fedha za kuchangishana. Mara nyingi wanaambiwa kwamba wanachokosa ni kamera bora na taa bora. Vifaa vina umuhimu wake, sikatai. Lakini kilichoifanya Searching isimame ni muda uliotumika kabla ya kupiga picha na muda uliotumika baada yake. Siku 13 za kupiga picha zilibebwa na wiki 7 upande mmoja na karibu miaka miwili upande wa pili. Muda nao una gharama, kodi ya nyumba haisubiri uhariri uishe, ila ni gharama ambayo watu wachache wenye nia moja wanaweza kugawana kuliko gharama ya kufunga barabara ili magari yalipuliwe. Rasimu ya filamu nzima, ikiwa na mwongozaji akiigiza nafasi zote, haihitaji jenereta. Inahitaji watu wawili watatu waliokubali kuitazama filamu mbovu mara nyingi kabla haijawa nzuri.

Anayetaka kujifunza kazi hii aanze na meseji moja ya baba kwa binti yake. Aiandike kwenye skrini, airekodi, aifute nusu, aitume. Kisha akae na kupunguza na kuongeza muda wa kusita mpaka mtu asiyejua chochote kuhusu hadithi aitazame na kuuliza, bila kuulizwa, kwa nini baba ameyafuta maneno yale. Swali hilo likitoka mdomoni kwa mtazamaji, taharuki imeshapatikana, na haijagharimu hata shilingi.